Kabla ya Kulipa Karo ya Animesheni, Uliza Mwalimu Ametokea Wapi

Kila mara vyuo vinapokaribia kufungua, vijana wawili watatu hunipigia simu wakitaka kujua ni wapi hapa Nairobi animesheni ya kompyuta hufundishwa vizuri. Wanakuja wakiwa wamefanya utafiti wa aina yake: wanajua karo ni shilingi ngapi kwa muhula, wanajua kompyuta za chuo ni za mwaka gani, na mmoja aliwahi kunieleza hadi umbali wa jengo kutoka kwenye kituo cha matatu. Nikiwauliza ni nani atakayewafundisha, na kabla ya kufundisha alikuwa akifanya kazi gani, simu hunyamaza. Siwacheki, kwa sababu mimi pia niliingia chuoni bila kuuliza, na kutouliza huko kulinigharimu muhula mzima.

Karo yangu ya kwanza ilitoka kwenye chama cha mama, zamu yake ya mwaka ule. Darasa lilikuwa ghorofa ya nne ya jengo moja la katikati ya mji, na mwalimu wetu alikuwa kijana mpole ambaye kwa miaka kadhaa alikuwa amewafanyia kazi wasanifu majengo, akitengeneza zile picha za fleti ambazo hazijajengwa bado, za aina unayoiona kwenye mabango makubwa kando ya barabara ya Thika. Kuhusu mwanga, sijakutana na mtu aliyemzidi. Alijua jinsi jua la saa kumi linavyoingia dirishani na kulala juu ya vigae, na aliweza kukueleza kwa nini kivuli cha kochi lako ni cheusi mno. Muhula ulipofika katikati, tukatakiwa kumfanya mhusika anyanyue gunia la viazi. Alituonyesha vitufe na jinsi mwendo unavyogawanywa kuwa fremu, yaani picha moja moja: weka mkao wa kwanza hapa, nenda hadi fremu ya 24, weka mkao wa mwisho, kompyuta itajaza zilizobaki. Ikajaza kweli. Mhusika wangu alilinyanyua gunia kama mtu anayeokota leso. Nilimwita mwalimu nikamwuliza kasoro iko wapi. Aliitazama mara tatu, akasema niongeze fremu. Nikaongeza, na sasa leso ikawa inaokotwa polepole.

Sikumlaumu wakati ule na simlaumu leo, kwani alitupa alichokuwa nacho. Kosa lilikuwa la waliompa somo, na langu mimi niliyedhani kwamba mtu anayejua programu moja anajua kila kinachoweza kufanywa nayo. Neno animesheni hufunika kazi nyingi ambazo katika studio kubwa hugawanywa kwa watu tofauti: mmoja huunda maumbo, mwingine humtia mhusika mifupa na vishikio vya kumwendeshea, kazi ambayo mafundi huiita rigi, mwingine humwendesha, mwingine hupanga taa, na mwingine huunganisha tabaka za picha mwishoni. Mwalimu huingia darasani akiwa amebeba ile sehemu ambayo mikono yake imeizoea, na zilizobaki huzifundisha kama mtu anayekuelekeza njia ya mtaa ambao yeye mwenyewe amewahi kuupita kwa basi tu.

Ukiitazama historia ya fani yenyewe utaona kwamba imekuwa hivyo tangu mwanzo. Edwin Catmull, mmoja wa waanzilishi wa studio ya animesheni ya Pixar, alipata shahada ya uzamivu ya sayansi ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Utah mwaka 1974, kwa tasnifu iliyohusu namna ya kuonyesha maumbo yaliyopinda kwenye skrini. John Lasseter, mwenzake wa Pixar, alitoka upande mwingine kabisa. Yeye alisoma chuo cha sanaa cha CalArts, California, katika programu ya animesheni ya wahusika iliyoanza mwaka 1975 chini ya Jack Hannah, mzee wa Disney aliyekuwa ameongoza filamu fupi nyingi za Donald Duck kwa penseli na karatasi. Mwaka 1987 Lasseter alisimama mbele ya wataalamu wa kompyuta kwenye mkutano wa SIGGRAPH akawaeleza jinsi kanuni za wachoraji wale wazee, kama vile kuminya na kunyoosha umbo, au kumwandaa mtazamaji kabla ya tendo, zinavyoweza kutumika kwenye kompyuta. Filamu ndefu ya kwanza iliyotengenezwa yote kwa kompyuta ilitoka mwaka 1995, na ilihitaji watu wa pande zote mbili. Ndiyo maana ninashangaa chuo kinapotangaza kwamba mwalimu mmoja atafundisha kila kitu, tangu fizikia ya nywele hadi uigizaji wa uso.

Mwalimu wangu wa pili, niliyempata mwaka uliofuata katika darasa dogo la jioni, hakuwa na shahada. Alikuwa amechora michoro ya vitabu vya shule za msingi kwa muda mrefu, kisha akaingia studio iliyotengeneza vipindi vya watoto vya televisheni. Kwenye programu alikuwa nyuma yetu. Sisi ndio tuliomfundisha njia za mkato za kibodi, naye hakuona aibu. Siku ya kwanza alikuja na mtungi wa lita 20, ule wa njano uliowahi kuwa wa mafuta ya kupikia, akauweka sakafuni mbele ya darasa ukiwa mtupu. Akamwomba msichana aliyekaa mbele aunyanyue, naye akaunyanyua huku akicheka. Kisha mwalimu akatoka nao, akaujaza maji kwenye bomba la koridoni, akaurudisha kwa shida, na kumwomba yule yule aunyanyue tena, mara hii polepole, nasi tuandike kila kinachotangulia.

Kwanza yalitangulia macho: aliutazama mtungi kama mtu anayepima bei. Kisha mguu wa kulia ukausogelea, magoti yakakunjika, vidole vikashika mpini, na hapo, kabla mtungi haujaachana na sakafu hata kidogo, mkono wa kushoto ulikuwa umeshatanuka nje kutafuta mizani na kiwiliwili chote kimeelemea upande ule. Mwalimu aliirekodi kwa simu, akaipitisha fremu moja moja. Kati ya vidole kukaza na mtungi kuachana na sakafu tulihesabu fremu 12, yaani karibu nusu sekunde kwa mwendo wa fremu 24 kwa sekunde. "Uzito wenu wote umo humo," alisema, "na nyinyi mmeuruka." Jumamosi iliyofuata alitupeleka soko la Marikiti alfajiri, tukasimama kando kuwatazama wanaume wanaosukuma mikokoteni ya kabichi, jinsi mwili unavyolala mbele hatua mbili nzima kabla gurudumu halijakubali kuzunguka. Nilirudi nyumbani nikaifuta kazi yangu ya gunia, nikaianza upya.

Kwa hiyo ni mwalimu wa namna gani wa kumtafuta? Kuna jibu rahisi ambalo vijana wengi hulipenda: mtafute anayefanya kazi studio. Jibu hilo lina uzito. Mwaka 2005 Bobby Beck, Shawn Kelly na Carlos Baena, ambao wote walikuwa wahuishaji, yaani watu wa kuwaendesha wahusika, wenye uzoefu wa studio kubwa za Marekani, walianzisha shule ya mtandaoni ya Animation Mentor kwa msingi huo huo, kwamba mwanafunzi asahihishwe na mtu ambaye kazi hiyo ndiyo inayomlisha. Lakini upo ushahidi wa upande wa pili, na ni wa zamani zaidi. Disney ilipotaka kuwanoa wachoraji wake mwaka 1932, ilimwita Don Graham, mwalimu wa kuchora kutoka shule ya sanaa ya Chouinard, ambaye hakuwa mhuishaji. Alianza na madarasa ya jioni ya kuchora miili ya watu, na baadaye akawa anaketi na wanafunzi wake kuchambua mwendo kwenye filamu, tendo kwa tendo. Hakuwa na filamu yake ya kuwaonyesha, ila alikuwa na jicho, na alijua kulihamishia kwa mtu mwingine.

Mimi nilikuwa kinyume chake. Baada ya miaka minne ya kazi ya matangazo, chuo fulani kiliniomba nifundishe muhula mmoja, nami nikakubali kwa majivuno kidogo. Kila mwanafunzi aliponiita nilimpokonya kipanya, nikarekebisha mkao wa mhusika kwa sekunde kumi, nikamrudishia na kuendelea na safari yangu. Kazi za mwisho wa muhula zilikuwa nzuri sana, na zote zilifanana na zangu. Wiki mbili baadaye mmoja wao aliniandikia kwamba ameketi nyumbani kwao Umoja na hajui aanzie wapi. Isitoshe, mteja alipoleta kazi ya haraka sikwenda darasani mara tatu. Mwalimu aliye kazini ana faida zake, lakini siku ya tarehe ya mwisho wewe mwanafunzi si mteja wake.

Hapa Nairobi kuna kigezo kingine kinachotumiwa sana, cha kutaja kazi inayojulikana. Mfululizo wa katuni wa Tinga Tinga Tales, uliotengenezwa katika studio ya Homeboyz hapa mjini na kuanza kuonyeshwa na BBC mwaka 2010, ulikuwa na vipindi 52, na kazi ya ukubwa huo huhitaji mikono mingi. Mtu akikwambia alikuwa katika mfululizo wa aina hiyo, mpongeze, kisha umwulize kwa adabu alikaa meza gani. Aliyechora mandhari, aliyemwendesha kobe, na aliyehakikisha mafaili hayapotei, wote walikuwa hapo na wote majina yao yanaweza kuonekana mwishoni, lakini hawawezi kukufundisha kitu kile kile. Mwombe akuonyeshe video ya kazi zake na akutajie, picha kwa picha, ni nini alichokifanya kwa mkono wake. Asiye na cha kuficha hufurahia swali hilo.

Kuhusu vyeti nitasema kidogo tu. Vyuo vikuu hudai shahada za juu kwa wahadhiri wao, na vyuo vya ufundi viko chini ya TVETA, mamlaka iliyoundwa na sheria ya mwaka 2013. Angalia kama chuo kimesajiliwa, kwa sababu bila hivyo cheti chako kinaweza kukukwamisha baadaye. Zaidi ya hapo, karatasi ya mwalimu haikwambii kama anaona mahali uzito ulipopotea.

Vitufe visikutishe wala visikuvutie. Blender, programu ya kutengenezea animesheni, imekuwa huru kwa kila mtu tangu mwaka 2002, na mtu mwenye kompyuta ya wastani na subira anaweza kujifunza vitufe vyake akiwa sebuleni. Ukilipa karo, unalipia macho ya mtu mwingine juu ya kazi yako. Basi waulize watakaokufundisha: Mara ya mwisho ulimwendesha mhusika lini? Kazi yangu ikiwa mbovu utanisahihishaje, na mara ngapi kwa wiki? Kama sehemu fulani si fani yako, nani atakuja kuifundisha? Jibu la swali la tatu ndilo ninalolithamini kuliko yote, kwa kuwa mwalimu anayesema wazi kwamba rigi si yake na kwamba atamwita mwenzake amekuokolea wiki kadhaa.

Kisha omba ukae darasani siku moja kabla ya kulipa. Vyuo vingi vitakubali ukiomba vizuri, na kikikataa bila sababu, fikiria mara mbili. Usiangalie skrini kubwa ya ukutani. Kaa nyuma, subiri mwanafunzi akwame na amwite mwalimu, halafu tazama kipanya kiko mkononi mwa nani.