Printa kubwa ingoje kwanza

Kaka, umeuliza kama uchukue mkopo ununue printa kubwa ya mabango kwa duka lako jipya la Kariobangi. Mimi ningengoja. Anza na plota, yaani mashine ya kukatia stika. Kazi za kuchapa peleka kwa wachapaji wa River Road, mjini Nairobi, ulipie kwa mita, uweke faida yako juu. Printa ya wino wa solventi (wino uliochanganywa na kemikali ya kuyeyushia) ikikaa bila kazi, kichwa chake cha kutoa wino huziba, na kichwa kipya si bei ya unga!

Kwenye stika usibanie. Ile ya bei nafuu inafaa kioo na ubao bapa, lakini kwenye mikunjo ya bodi ya matatu hunywea na kubanduka kingo. Hapo tumia stika nyembamba iitwayo kasti, na uifunike kwa laminesheni, yaani plastiki angavu ya juu, maana jua hula manjano na nyekundu kwanza.

Plota ya mtumba ni sawa, ila ikate herufi ndogo mbele yako kabla hujatoa pesa.