GPA ya mwaka wa kwanza na kazi za benki: jibu kwa mdogo wangu wa Iringa

Kamwene mdogo wangu. Umeuliza kama GPA (wastani wa matokeo ya chuo) ya 2.9 uliyopata mwaka wa kwanza hapo Iringa imeshakufungia mlango wa kazi za benki na ukaguzi wa hesabu, maana umesikia Marekani kampuni kubwa zinachagua watu kwa matokeo ya mwanzo mwanzo tu. Wakuu wengi waliokujibu kabla yangu wamekwambia GPA ni karatasi, cha muhimu koneksheni. Mimi sikubaliani nao kabisa, na naongea kama mtu niliyefanya kazi tawi moja la benki hapa Mbeya na barua za wanafunzi wanaoomba fildi (mafunzo ya vitendo kazini) zilikuwa zinapita mezani kwangu.

Hicho cha Marekani ni kweli. Chuo kwao ni miaka minne, na benki za uwekezaji kama Goldman Sachs, JPMorgan na Morgan Stanley zinachukua wanafunzi wa fildi ya kiangazi baada ya mwaka wa tatu, ila siku hizi maombi yanafunguliwa mtu bado yuko mwaka wa pili, yaani zaidi ya mwaka mzima kabla. Na ajira nyingi zinatokea kwenye hiyo hiyo fildi. Kwa hiyo mtu anaomba akiwa na semista mbili tatu tu mkononi, akiwa ameharibu mwaka wa kwanza hakuna matokeo mengine ya kuyafunika. Wengi kule wanaichukulia 3.5 kama mstari, lakini hiyo ni ya skeli ya 4.0, usije ukailinganisha na 3.5 yetu ya kwenye 5.0.

Sasa kwetu. Kwetu hakuna utaratibu wa kukuajiri ukiwa mwaka wa pili, ila fildi inafanya kazi ileile kimya kimya. Tawi linachukua vijana wachache, barua zinakuja rundo, wa Mzumbe, wa TIA, wa Teofilo Kisanji, na nyie wa Iringa ambao nyumbani ni Tukuyu au Mbozi mnataka fildi karibu na kwenu. Barua ya chuo zote zinafanana, neno kwa neno. Kinachotofautisha ni matokeo ya mtu, na kwa wakati huo matokeo aliyonayo ni ya mwaka wa kwanza na nusu ya pili, basi. Mimi binafsi sikuwa naanza na GPA, nilikuwa nashuka kwanza kwenye kozi: misingi ya uhasibu, hesabu za biashara, takwimu. Kijana mwenye 3.2 lakini uhasibu ana A nilimpa nafasi mbele ya mwenye 3.6 ambaye uhasibu alipita kwa sapu, yaani kwa kurudia mtihani. Na aliyekaa fildi vizuri ndiye meneja anamkumbuka zikitoka nafasi za muda za wahudumu wa kaunta au za kufuatilia mikopo. Hiyo ndiyo koneksheni wanayokwambia, wengi waliipata kupitia matokeo.

Halafu kuna hesabu yenyewe, hii naomba uikalie chini na kalamu. Digrii yako ni miaka mitatu, tuseme kila mwaka una kredit sawa. Una 2.9. Ukitaka kumaliza na 3.5, ambayo ndiyo apa sekondi (daraja la pili la juu) inapoanzia, miaka miwili iliyobaki unatakiwa uwe na wastani wa 3.8, ambayo kwa chuo kinachotoa pointi 5 kwa A, 4 kwa B+ na 3 kwa B, ni B+ karibu kila kozi na B chache. Inawezekana kabisa, nimeona watu wakifanya. Lakini ukisema mwaka wa pili nipumzike, ukapata 2.9 nyingine, mwaka wa tatu utahitaji 4.7, yaani A kwenye kozi nyingi na B+ kwenye chache zinazobaki. Unaona? Ndiyo maana nakasirika mtu akimwambia first year eti mwaka wa kwanza ni wa kuzoea chuo. Mtoto katoka JKT, bumu (pesa ya mkopo) limechelewa, kapanga chumba Kihesa na hana hata godoro, halafu anaambiwa azoee tu taratibu, wakati kila kozi inaingia kwenye GPA ya mwisho.

Na hapa watu wanaanguka pasipo na sababu: DS (somo la maendeleo) na kozi za mawasiliano. Kila mtu anazidharau kwa vile sio fedha, lakini zina kredit zake. Na sapu uiogope, kwenye vyuo vingi ukirudia mtihani hata ukipata 80 inaandikwa C.

Hiyo 3.5 naisisitiza kwa sababu programu za mafunzo za benki kubwa na kampuni za ukaguzi kama PwC, Deloitte, KPMG na EY mara nyingi zinaitaja apa sekondi kwenye tangazo, na maombi yakiwa maelfu anayechuja haulizi mwaka wa kwanza ulikuwa na shida gani. Ukitaka kubaki chuoni kufundisha ndiyo zaidi, mara nyingi wanataka 3.8.

Ukikosa, njia ipo ila ni ndefu. Kuna dada tulifanya naye kazi, alimaliza na lowa sekondi, akaanzia SACCOS moja huko Rungwe, anaandika vitabu mwenyewe, COASCO (shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika) wakija kukagua yeye ndiye anakaa nao, usiku anasoma CPA, cheti cha uhasibu wa kitaaluma. NBAA, bodi ya wahasibu inayotoa hiyo CPA, hawakuulizi GPA ngapi, digrii ya uhasibu inakurusha hatua za chini, mitihani ipo Mei na Novemba, ukifeli somo unarudi. Alipopata CPA hakuna aliyemuuliza tena habari za chuo, leo ni mkaguzi wa ndani. Lakini ilimchukua miaka ambayo wenzake wenye 3.6 walikuwa tayari wapo ndani wanalipiwa hiyo CPA na mwajiri.

Kwa hiyo mdogo wangu, hiyo 2.9 haijakufungia ila mwaka wa pili ndio wenyewe, na barua za fildi anza kupeleka mapema, usisubiri UE (mitihani ya mwisho wa semista) iishe maana wenzako wa Mbeya wanakuwa wameshapita. Weka hapa matokeo yako kozi moja moja pamoja na kredit zake tuone wapi pamekuvuta chini, maana kama ni takwimu ushauri wangu ni tofauti na kama ni DS.