Mark X: PS 203 au 318, uchukue ipi?

Mkuu, umeuliza kwa nini tangazo moja la gari la Toyota Mark X kutoka Japani linaandika nguvu farasi (PS) 203 na jingine 318 ilhali bodi ni ile ile, na ipi itauzika kirahisi baadaye.

Zote sahihi. Modeli yenye namba GRX130 ina injini ya 4GR-FSE ya lita 2.5, PS 203. GRX133 ina injini ya 2GR-FSE ya lita 3.5, PS 318, sawa na hp (farasi wa kipimo cha Kiingereza) 313 hivi. Ukiona 215 kwenye GRX130, wamenakili ya GRX120, toleo la kwanza. Dai picha ya kibati chenye namba ya modeli. Nembo ya nyuma mtu hubandika tu.

Kuuza tena, 2.5 huondoka haraka, wanunuzi huogopa ulaji wa mafuta wa 3.5. Tena 3.5 inataka petroli ya oktani ya juu; ukiweka ya chini, kompyuta huchelewesha cheche na hao farasi hupungua.

Ila 4GR hupuliza petroli ndani ya silinda tu, valvu za hewa hazioshwi, masizi hujaa na gari hutetemeka ikiwa silensa (injini inaunguruma bila kukanyaga mafuta). Omba video ikiwashwa injini ikiwa baridi: moshi wa bluu maana yake inakula oili, iache. Ikishafika, fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari aipime kabla hujaanza safari ndefu.