Je, Anayepinga Vita Ni Mnafiki?

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Nchi yetu inajadili kuingia vitani na waumini wa msikiti wetu wamegawanyika. Mimi napinga, kaka yangu anaunga mkono. Ameniita mnafiki mbele za watu, na sasa haswali nyuma ya imamu wetu kwa kuwa naye anapinga. Je, kweli nimeasi?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Ndugu yangu, rai hiyo peke yake si unafiki wala uasi. Kaka yako huenda ana vita vya Uhud kichwani, maana ndiko wanafiki walikojitenga, basi tuanzie huko huko.

Mwaka wa 3 Hijria, Makuraishi, kabila la Makka lililokuwa likimpiga vita Mtume, walipoujia mji wa Madina, Mtume (S.A.W.) aliwakusanya watu akawataka ushauri. Rai yake mwenyewe ilikuwa wabaki mjini wajilinde. Vijana, hasa waliokosa vita vya Badr vilivyotangulia, wakashikilia kutoka. Akaingia nyumbani kuvaa deraya. Huku nje wakaanza kulaumiana kwamba wamemlazimisha, na alipotoka wakamwambia abaki akipenda. Akawajibu kuwa haimpasi Nabii akishavaa deraya kuivua mpaka Allah ahukumu baina yake na adui.

Sasa tazama jambo ambalo wasimulizi wengi hulipita mbio. Abdullah bin Ubayy, kinara wa wanafiki, naye alitaka wabaki mjini. Rai yake na ya Mtume zilikuwa moja! Kilichomfedhehesha ni kugeuka njiani na watu wapatao 300 katika jeshi la watu 1,000, adui akiwa karibu, akinung'unika kwamba wamesikilizwa vijana yeye akaachwa. Kama kutotaka kutoka kungekuwa ndiyo alama ya unafiki, tungesema nini juu ya rai ya Mtume mwenyewe?

Waislamu 70 waliuawa siku ile, Hamza, ami yake Mtume, akiwa mmoja wao. Mtu angedhani baada ya hapo mlango wa ushauri utafungwa. Lakini ni baada ya Uhud ndipo iliposhuka aya ya 159 ya Surat Aal Imran, Mtume akiamrishwa awasamehe, awaombee maghufira na ashauriane nao katika mambo.

Hata uamuzi ukishapitishwa, anayeuliza kwa adabu hafukuzwi. Hudaybiya, mwaka wa 6 Hijria, Umar (R.A.) hakuridhika na suluhu iliyofanywa na Makuraishi, akamwendea Mtume na kumuuliza kwa nini wakubali unyonge katika dini yao. Alijibiwa, hakuitwa mnafiki. Na ilipozuka fitna ya Ali na Muawiya (R.A.), Waislamu wakapigana wao kwa wao, Saad bin Abi Waqqas na Abdullah bin Umar walikataa kupigana upande wowote, nao ni masahaba wakubwa.

Utii kwa viongozi upo, lakini Mtume amesema utii ni katika mema tu. Ikikuthibitikia kwamba vita hiyo ni dhuluma, huna ruhusa ya kumwaga damu kwa kuwa umeamrishwa. Ila usiifikie hukumu hiyo kwa kusoma ujumbe wa simu uliosambazwa usiku. Surat An-Nisaa, aya ya 83, inawalaumu wanaotangaza kila habari ya amani au ya hofu kabla ya kuirudisha kwa wenye kujua. Lawama hiyo inakupata wewe na kaka yako sawasawa. Na asiyetaka vita akimpelekea adui siri za nchi yake, huyo ametoka kwenye rai, ameingia kwenye khiyana.

Kuhusu swala, imamu haondolewi uimamu kwa msimamo wake juu ya vita, na swala nyuma yake ni sahihi. Abdullah bin Umar huyo huyo aliswali nyuma ya Hajjaj, gavana aliyemwaga damu nyingi mno. Imamu wenu ametoa maoni tu. Kaka yako arudi kwenye safu, na akuombe radhi mbele ya wale wale aliokutukania mbele yao. Wewe mtangulie kwa salamu.

Wallahu aalam.