GTX 1060 inachemka: fungua kwanza kabla ya kununua

Kaka, pole. Umeuliza ununue kipozeo gani kwa GTX 1060 yako, kadi ya michoro ya kompyuta, inayofika nyuzi 88. Kabla hujatoa hela, ifungue. Yangu hapa Uyole ilikuwa hivyo hivyo: vumbi la kiangazi limeshonana kwenye mapezi ya bati la kupozea kama blanketi, pesti ya kupitisha joto juu ya chipu imekauka, inabanduka magamba. Nikasafisha kwa brashi ya rangi, nikapaka pesti mpya kiasi cha punje ya njegere. Ikashuka hadi 74.

Kama feni ndizo zinakoroma, badilisha feni tu. Kadi hiyo ya 2016 inakula wati 120, bati lake la asili linatosha kabisa. Vua kava la plastiki, funga feni mbili za kasha la kompyuta, za milimita 92, kwa vibano vya plastiki, chomeka kwenye ubao mama. Hapo zitafuata joto la prosesa, si la kadi, kwa hiyo ziwekee kasi moja kwenye BIOS, yaani mipangilio ya ubao mama.

Ukitaka kipozeo kizima, pima umbali wa matundu ya skrubu kuzunguka chipu, na chipu za memori zipate vibati vyake vya kupozea. Tafadhali usiziache wazi.