Chumvi ya bahari na mitungi ya nyuklia

SWALI: Naishi Kilifi, ambako kulipendekezwa kujengwa kinu cha nyuklia. Huku bati halimalizi miaka mingi kabla ya kuoza. Nasikia Marekani mafuta ya urani yaliyokwisha tumika yanawekwa ufukweni ndani ya mitungi ya chuma. Chumvi haitaitoboa? – Msomaji, Kilifi

JIBU: Inaweza, ila si kama inavyokula bati. Kituo cha nyuklia cha San Onofre, California, kina mitungi 123 ya mafuta hayo kando kabisa ya Pasifiki. Ukuta wa mtungi ni chuma cha pua cha milimita 16 hivi. Zege nene la nje huzuia mionzi, nalo lina matundu: hewa baridi huingia, hupata joto, hupanda na kutoka juu, bila feni. Hewa hiyohiyo ndiyo inayoleta chumvi.

Chuma cha pua hakishiki kutu uso mzima, hupasuka. Lazima vikutane vitu vitatu: kloridi (iliyomo kwenye chumvi), unyevu na mkazo. Mkazo uko kwenye mishono ya weldi, maana chuma kilichoyeyushwa kikipoa hujivuta. Mtungi ukiwa wa moto, chumvi hukaa juu yake kavu kama unga. Ukipoa miaka mingi baadaye, chumvi inanyonya maji hewani, kama ile ya mezani inavyolowa wakati wa masika. Kwa hiyo wa kuchungwa zaidi ni mtungi mkongwe, si mpya.

Ndani ya mtungi hamna maji. Kabla ya kuufunga, hukaushwa kwa pampu hadi shinikizo lishuke chini ya milibari 4, dogo mno kuliko la hewa ya kawaida, kisha pampu hutengwa kwa dakika 30. Shinikizo likipanda kupita hapo, maji bado yamo, na kazi inarudiwa. Halafu hujazwa gesi ya heliamu, isiyoungana kikemikali na chochote na inayopitisha joto vizuri kuliko hewa. Ufa ukipenya, heliamu huvuja na hewa huingia. Mtungi haulipuki, lakini palipo na kijiti cha mafuta (bomba jembamba la chuma lenye urani ndani) kilichotoboka, urani hushika oksijeni, huvimba na kukipasua zaidi.

Matundu hukaguliwa kila siku, au joto la hewa inayotoka hupimwa. Takataka na viota vya ndege huyaziba. Mtungi wenyewe huchunguzwa kwa roboti yenye kamera inayopenyezwa kwenye matundu hayo. Ufa mdogo unaweza kufunikwa kwa unga wa nikeli unaorushwa na gesi yenye kasi kubwa, bila kuuyeyusha. Hawachomelei, kwani weldi mpya ingerudisha mkazo uleule.