Muulize Fundi: Tangi la samaki limepata ufa chini

SWALI: Shikamoo fundi. Nafuga mbuna, wale samaki wa mawe wa Ziwa Nyasa, kwenye tangi la vioo la sentimita 90 kwa 45 kwa 45. Juzi usiku jiwe liliporomoka, kioo cha chini kikapata ufa wenye urefu wa kiganja na maji yanachuruzika. Samaki nimewahamishia kwenye beseni. Tangi jipya siliwezi kwa sasa. Jirani anasema nipake supagluu, mwingine anasema silikoni tu inatosha. Nifanyeje?
Msomaji, Mbeya

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza samaki. Ile sponji ya chujio iwashwe humo humo kwenye beseni, na usiioshe kwa maji ya bomba, maana klorini itaua bakteria wanaosafisha uchafu wa samaki. Watupie vipande vya bomba wajifiche. Mbuna wakibanana mahali peupe wanaumizana vibaya.

Supagluu achana nayo. Ikikauka huwa ngumu na hukatika kirahisi, na tangi lako likijaa lina maji kama lita 180, yaani kilo 180 kabla hujahesabu mawe na mchanga. Silikoni peke yake juu ya ufa nayo haifai. Itaziba maji, lakini kioo kitabaki dhaifu na ufa utaendelea kutembea. Kinachotakiwa ni kiraka cha kioo.

Nenda kwa mafundi wa madirisha uulizie mabaki. Vipande hivyo huuzwa kwa bei ndogo kuliko kioo kizima. Chukua chenye unene uleule wa kioo chako cha chini, kiupite ufa kwa sentimita 5 kila upande, na waambie wakusugulie kingo. Kama ufa umefika pembeni, ni bora ufunike sakafu yote. Hapo pima kwa ndani, toa milimita 5 kwenye urefu na 5 kwenye upana, kisha uangalie kama kioo kitapita katikati ya vile vipande vya kioo vilivyogandishwa juu ya tangi. Kisipopita, kikatwe viwili, ila maungio yasiangukie juu ya ufa.

Kwenye silikoni usibanie hela. Nunua ya asilimia 100, ile inayonuka siki, isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Ya bafuni mara nyingi ina dawa hiyo, nayo ni sumu kwa samaki. Soma tyubu kabla ya kulipa.

Kausha tangi kabisa. Mahali kiraka kitakapogusa silikoni ya zamani, ikwangue yote kwa wembe, kwa sababu mpya haishiki vizuri juu ya ya zamani. Futa kwa spiriti, uache ikauke. Kiraka kinawekwa kwa ndani, ili uzito wa maji ukikandamize kwenye sakafu. Paka silikoni, laza kioo, kandamiza kuanzia katikati kwenda pembeni mpaka mapovu ya hewa yatoke, halafu zungushia kingo na ulainishe kwa kidole kilicholowa maji.

Sasa subiri wiki nzima. Silikoni hukaushwa na unyevu wa hewa, na iliyobanwa kati ya vioo viwili hupata hewa kidogo sana. Kijuujuu itaonekana imekauka mapema, isikudanganye.

Jaribu nje, tangi likiwa juu ya gazeti kavu kwenye ubao ulionyooka. Jaza theluthi, ulale. Kesho nusu, ulale. Kesho kutwa ujaze. Likivuja hata tone moja, litaonekana kwenye gazeti.

Lakini mwanangu, jiwe liliporomoka kwa sababu mbuna wanachimba. Ukiyapanga mawe juu ya mchanga, watautoa chini yake hadi yaanguke tena. Safari hii panga mawe kwenye kioo chenyewe, makubwa chini, ndipo umwage mchanga kuyazunguka. Na meza uipime kwa pima maji kabla hujarudisha tangi.